Kuchora Tyrannosaurus: anza na nyonga, meno baadaye

Wengi wanaopenda kuchora dinosaria huanza na kichwa. Hujaza meno, hutia jicho kali, kisha huhangaika kutafuta mahali pa kuupachika mwili. Ndiyo maana michoro mingi ina kichwa cha kutisha juu ya mnyama ambaye angeanguka kifudifudi akipiga hatua moja. Tyrannosaurus rex alitembea kwa miguu miwili, na uzito wake wote ulipita kwenye nyonga: kichwa na kifua upande huu, mkia upande ule, kama mzega begani. Nyonga ikikaa sawa, mengine hujipanga yenyewe.

Vifaa

Karatasi ya A4 ya gramu 160 kwa mita ya mraba inatosha kwa penseli na wino. Ukitaka kupaka rangi za maji, tumia ya gramu 300, maana nyepesi hujikunja ikilowa na rangi hukusanyika kwenye mabonde yake. Penseli ya 2H, iliyo ngumu, ni ya mistari ya awali; ya 2B, iliyo laini, ni ya mistari ya mwisho na vivuli. Ishike 2H mbali na ncha, kwa sababu ukiikandamiza huacha mfereji usiofutika, nao huonekana wazi rangi ikipita juu yake. Uwe pia na rula, raba laini ya kufinyanga, na kalamu za wino usioyeyuka majini za milimita 0.1, 0.3 na 0.5.

Vipimo kwanza

Laza karatasi kwa upana. Tyrannosaurus aliyekomaa alikuwa na urefu wa mita 12 hivi, kwa hiyo kwa kipimo cha 1:50 atachukua sm 24, na utabaki na nafasi ya kupumua pande zote. Sentimita moja ya karatasi ni nusu mita ya mnyama. Fuvu la mita 1.4 linakuwa sm 2.8. Sehemu ya juu ya nyonga iko sm 7 na kidogo kutoka ardhini. Mfupa wa paja ni sm 2.6, wa muundi sm 2.3, na mifupa ya wayo, ile iliyo kati ya kifundo na vidole, ni sm 1.3. Mkono mzima, kuanzia bega hadi kucha, ni sm 2 tu. Ukiona mkono umekua zaidi ya hapo, umeanza kumchora mnyama mwingine.

Chora mstari wa ardhi, weka alama ya nyonga karibu katikati ya karatasi, kisha vuta mstari mmoja mrefu wa uti wa mgongo. Unatoka kwenye nyonga kwenda nyuma ukiwa karibu sambamba na ardhi, na kwenda mbele vilevile hadi kifuani, ndipo shingo inapopinda kwa umbo la S na kubeba kichwa. Mkia huchukua karibu nusu ya urefu wote. Picha za zamani zilimsimamisha wima huku mkia ukiburuta, lakini mkao huo ungemtegua viungo vya mkia na nyonga. Nyayo za dinosaria zilizohifadhiwa kwenye miamba nazo mara nyingi hazina alama ya mkia uliokokotwa.

Miguu, mahali ambapo michoro mingi hufia

Kile ambacho wengi hukiita goti lililopinda kinyumenyume ni kifundo cha mguu. Goti halisi liko juu, linatazama mbele, na sehemu kubwa ya paja imejificha ndani ya nyama za ubavuni. Chora mifupa mitatu kwa mistari iliyonyooka: paja kwenda mbele na chini, muundi kurudi nyuma, wayo kushuka mbele tena hadi vidoleni. Mnyama huyu alikanyaga kwa vidole, kisigino hakikugusa ardhi.

Sasa shusha mstari wima kutoka kwenye kiungo cha nyonga hadi ardhini. Vidole vya mguu uliobeba uzito lazima viwe chini ya mstari huo au mbele yake kidogo, kwa sababu kitovu cha uzito kilikuwa mbele kidogo ya kiungo. Vidole vikibaki nyuma ya mstari, mnyama ataonekana anajikwaa, na hakuna kivuli wala rangi itakayoficha kosa hilo. Futa sasa, kabla hujaongeza chochote.

Vidole vinavyobeba uzito ni vitatu, cha katikati kikiwa kirefu zaidi. Cha nne, kidogo, kiko upande wa ndani na kimeinuka, hivyo hakikanyagi. Chini ya kila kidole weka mito minene ya nyama, la sivyo mguu utaonekana wa mifupa mitupu.

Kuvisha nyama

Kosa la pili kwa ukubwa ni kubandika ngozi moja kwa moja juu ya mifupa. Mchoraji akishajifunza kiunzi hupenda kukionyesha, na matokeo ni mnyama anayekaribia kufa njaa. Sehemu tatu zinahitaji nyama zaidi ya unavyodhani.

Ya kwanza ni shina la mkia. Kutoka mkiani hadi nyuma ya mfupa wa paja ulipita msuli mkubwa uliovuta mguu nyuma kila alipopiga hatua. Kwa hiyo mkia unaanza ukiwa mnene karibu kama kiuno chenyewe, kisha unapungua polepole. Ukionekana umechomekwa nyuma ya mwili, urudie.

Ya pili ni tumbo. Mfupa wa kinena unashuka chini sana, karibu na usawa wa goti, na mbele yake tumbo lilishikiliwa na mbavu nyembamba za tumboni. Mstari wa tumbo unapaswa kwenda kukutana na ncha ya mfupa huo. Usiupandishe ghafla nyuma ya kifua kama tumbo la mbwa wa mbio.

Ya tatu ni shingo. Ilibeba kichwa kizito na kurarua nyama, hivyo ni fupi na nene, hasa upande wa nyuma.

Mikono haihitaji muda mrefu: vidole viwili vyenye kucha, mkono mfupi lakini wenye misuli. Viganja vitazamane, sio kutazama chini. Ukikosea hapo, kila anayewajua dinosaria atalisema hilo kabla hajasifu chochote.

Kichwa

Kichwa cha sm 2.8 ni kidogo mno kwa kujifunzia. Kichore kwanza peke yake kwenye karatasi nyingine kwa kipimo cha 1:10, yaani urefu wa sm 14, halafu ukipunguze. Ukikitazama kutoka mbele, pua ni nyembamba na sehemu ya nyuma ya fuvu ni pana ghafla. Ndiyo maana macho yake yaliweza kutazama mbele. Anayechora kichwa cha upana mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho anachora mamba.

Fuvu lina matundu makubwa: la pua, lingine pana mbele ya jicho, la jicho lenyewe, na mengine nyuma yake. Akiwa hai yalifunikwa na misuli, mifuko ya hewa na ngozi. Onyesha bonde hafifu tu, kwa kivuli chepesi, usichimbe mashimo. Jicho halikujaza tundu lake: tundu lina umbo la tundu la ufunguo, na jicho lilikaa sehemu ya juu. Lichore dogo kuliko moyo wako unavyotaka. Jicho kubwa humfanya mnyama aonekane kinda.

Meno yanapinda kuelekea nyuma na hayalingani: ya mbele kabisa ni madogo na yamebanana, makubwa zaidi yako kwenye taya la juu, pembeni. Mdomo ukifungwa, ya chini huingia ndani ya ya juu. Kuhusu midomo, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulionyesha kwamba dinosaria walao nyama wa aina hii yaelekea walikuwa na midomo iliyofunika meno. Kwa hiyo akifunga kinywa, meno hayaonekani kabisa. Wapo wanaolalamika kwamba hivyo hatishi. Mchore hivyo hata hivyo. Uso uliotulia una uzito wake.

Akifungua kinywa, bawaba ya taya iko nyuma kabisa ya fuvu, nyuma ya jicho, na pembe ya mdomo ina nyama inayovutika kati ya taya mbili. Usizidishe digrii 60 hivi. Ulimi ubaki umelala juu ya sakafu ya kinywa. Ule unaotolewa nje na kupeperuka ni wa mijusi.

Ngozi

Fanya hesabu kabla hujaanza kuchora magamba. Vipande vya ngozi ya Tyrannosaurus vilivyoelezwa mwaka 2017, vikiwemo vya shingo, nyonga na mkia, vinaonyesha magamba madogo sana. Hata gamba la milimita 5, kwa kipimo cha 1:50, ni sehemu ya kumi ya milimita. Hakuna kalamu itakayolichora. Ukijaza mwili mzima magamba yanayoonekana, umempa kila moja ukubwa wa sahani. Chora mikunjo badala yake: kooni, kwapani, mbele ya paja, kwenye kifundo. Undani wa ngozi uuache kwa mchoro wa kichwa wa 1:10, na hata huko weka vitone hapa na pale, panapokutana mwanga na kivuli.

Manyoya je? Yutyrannus wa China, jamaa wa mbali mwenye urefu wa mita 9 hivi, aliyetangazwa mwaka 2012, alikuwa nayo. Kwa Tyrannosaurus mwenyewe, vipande vilivyopatikana ni vya magamba, ila havifuniki mwili wote. Manyoya machache mgongoni si kosa; koti zima ni vigumu kulitetea.

Wino na rangi

Tumia 0.5 kwa mistari ya chini ya mwili na penye kivuli, 0.3 kwa umbo la nje lililobaki, na 0.1 kwa mikunjo. Mstari wenye unene mmoja kote humfanya mnyama awe bapa. Subiri wino ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli. Raba ikipita mapema, mstari wote huwa ukungu wa kijivu.

Rangi halisi ya Tyrannosaurus haijulikani, lakini za baadhi ya dinosaria zinajulikana kutokana na chembe za rangi zilizobaki kwenye visukuku. Sinosauropteryx alikuwa na mkia wa mistari ya hudhurungi nyekundu na nyeupe. Psittacosaurus alikuwa mweusi zaidi mgongoni na mweupe zaidi tumboni. Mpangilio huo wa pili unafaa mno kuazima. Anza na rangi hafifu mwili mzima, iache ikauke, kisha ongeza tabaka mbili au tatu kuanzia mgongoni ukiishia ubavuni. Ukiweka tabaka jipya juu ya lililolowa, mipaka itapasuka na kutoa madoa yanayofanana na koliflawa.

Ukitaka kuchora jamaa zake

Velociraptor alikuwa na urefu usiozidi mita 2 hivi na alikuwa na manyoya: mfupa wake wa mkono una vinundu ambapo manyoya yalishikilia, jambo lililochapishwa mwaka 2007. Manyoya marefu yafike hadi kidole cha pili cha mkono, yasiishie kwenye kifundo cha mkono. Ile kucha ya mguuni yenye umbo la mundu iinuke, asiikanyagie.

Triceratops abadilishwe mikono: vidole vitano, vitatu tu vikiwa na kwato. Ongeza urefu wa pembe kupita mfupa, kwa kuwa zilivikwa gamba la keratini, kitu kilekile cha kucha, lililooza.

Giraffatitan, yule wa shingo ndefu aliyefukuliwa Tendaguru kusini mwa Tanzania katika uchimbaji wa 1909 hadi 1913, ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo unateremka kuelekea mkiani. Nyayo zake za mbele zisiwe za tembo: mifupa yake ilisimama wima kwa umbo la kwato ya farasi, na kucha ni moja tu, ya kidole gumba.

Mandhari yalingane na wakati. Stegosaurus aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, Tyrannosaurus kati ya milioni 68 na 66, kwa hiyo hawakuonana kamwe. Stegosaurus mpe makangaga, saikadi (mimea inayofanana na minazi mifupi) na misonobari, bila ua hata moja. Tyrannosaurus anaweza kupita penye maua. Uwanda wa nyasi usimpe yeyote kati yao.

Kabla ya kuusambaza

Mnyama ni wa wote, lakini muundo wake katika filamu au mchezo fulani una mwenyewe. Ukichora wa filamu, taja ni wa filamu gani, na usiuze bila ruhusa. Vivyo hivyo michoro ya viunzi iliyofanywa na wengine: jifunze uwiano wake, linganisha kadhaa, ila usiweke karatasi juu ukanakili kisha ukaita yako.

Skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 au zaidi. Ukipiga picha kwa simu, simama mita moja hivi na ukuze picha kidogo, maana simu ikikaribia sana hupanua kilicho katikati na kichwa ulichokipima hubadilika. Jina lianze na herufi kubwa kwenye jenasi na ndogo kwenye spishi: *Tyrannosaurus rex*. Usiandike 1:50 pembeni, kwa kuwa kila skrini huonyesha picha kwa ukubwa wake. Chora mstari wa sm 2 chini ya mkia, andika juu yake "mita 1", na kando yake weka kivuli cha mtu wa sm 3.4.