Jifunze prosesa kwa kalamu na daftari: kuiendesha 6502 baiti kwa baiti

Mafunzo mengi ya prosesa huanza na GHz, idadi ya kori na picha ya chipu inayong'aa. Msomaji anamaliza akiwa na majina kichwani, lakini ukimuuliza kompyuta inajumlishaje 5 na 3, anakwama. Wanaoanza mimi huwapitisha njia nyingine: tunachukua prosesa ya zamani, ndogo, na kazi yake tunaifanya sisi wenyewe kwa mkono.

Prosesa hiyo ni 6502, iliyotolewa na kampuni ya MOS Technology ya Marekani mwaka 1975. Iliuzwa dola 25 wakati za Intel na Motorola zilikuwa zikiuzwa mamia ya dola, na ndiyo iliyoendesha kompyuta ya Apple II. Ina transista (swichi ndogo za umeme) kama 3,500 tu, wakati Apple M1 ya mwaka 2020 ina bilioni 16. Usiidharau kwa udogo wake. Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn, Uingereza, waliifanyia kazi kwenye kompyuta ya BBC Micro kabla ya kubuni prosesa ya ARM, ambayo chipu yake ya kwanza iliwashwa Aprili 1985. Simu uliyoshika sasa hivi karibu hakika ina prosesa ya ukoo wa ARM.

Tafuta kalamu, kifutio na karatasi ya mistari.

Hatua ya 1: Chora kumbukumbu na rejista

Upande wa kushoto chora safu ya visanduku kwenda chini. Hiyo ndiyo kumbukumbu. 6502 inaona visanduku 65,536, kila kimoja kina anwani yake na ndani yake baiti moja, yaani namba kati ya 0 na 255. Wewe chora tisa tu.

Upande wa kulia chora rejista, yaani sehemu chache za kuwekea namba ndani ya prosesa yenyewe. Tutatumia A, ambako hesabu hufanyika, X ya kuhesabia, na PC, ambayo hubeba anwani ya baiti itakayosomwa baadaye. Ongeza bendera mbili za biti moja moja, yaani 0 (imezimwa) au 1 (imewaka): Z, inayowaka jibu likiwa sifuri, na C, inayoshika kile kinachobebwa hesabu ikifurika. Rejista nyingine zipo, ziache kwanza.

Hatua ya 2: Zoea namba za mfumo wa 16

Zinahesabiwa 0 hadi 9, kisha A ni 10, mpaka F ambayo ni 15. Kwa hiyo A9 ni 10 mara 16 jumlisha 9, sawa na 169. Huhitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya 3: Jaza programu

Andika hivi kwenye visanduku vyako:

0600: A9
0601: 05
0602: 18
0603: 69
0604: 03
0605: 8D
0606: 00
0607: 02
0608: 00

Kwenye PC andika 0600. Kwenye A andika alama ya kuuliza, kwa sababu kweli hatujui kilichomo.

Hatua ya 4: Sasa wewe ndiye prosesa

PC inasema 0600. Nenda pale, soma: A9. Papo hapo sogeza PC iwe 0601, kabla hujafanya lolote. A9 maana yake ni "baiti inayofuata itie kwenye A". Soma 0601, utakuta 05, sogeza PC iwe 0602. Futa alama ya kuuliza, andika 05. Amri ya kwanza imekwisha.

0602 ina 18: zima bendera C. Nitaeleza sababu muda si mrefu. PC ni 0603.

0603 ina 69: jumlisha baiti inayofuata kwenye A. Inayofuata ni 03, kwa hiyo A inakuwa 08 na PC 0605.

0605 ina 8D: hifadhi A kwenye anwani iliyoandikwa katika baiti mbili zinazofuata. Unasoma 00, kisha 02. Hapa ndipo wengi hujikwaa na kuandika jibu kwenye 0002. Anwani ni 0200, kwa kuwa 6502 huanza na nusu ndogo, yaani tarakimu mbili za mwisho. Si ukaidi wa wabunifu. Zipo amri ambazo X huongezwa kwenye anwani, na nusu ndogo ikitangulia, prosesa huanza kujumlisha wakati nusu kubwa bado inasomwa. Prosesa za Intel nazo hupanga baiti hivyo hivyo mpaka leo.

Chora kisanduku cha 0200 pembeni, andika 08 ndani yake.

0608 ina 00, amri ya kukatiza. Kwenye chipu halisi, PC hurushwa hadi anwani iliyohifadhiwa kwenye FFFE na FFFF. Kwenye karatasi, weka kalamu chini.

Soma, sogeza PC, tekeleza, rudia. Hata simu yako ikicheza video, kiini cha kazi ni mzunguko huo. Mwendo wake unaongozwa na saa ya umeme inayodunda: amri zetu nne za mwanzo zinachukua midundo 2, 2, 2 na 4, jumla 10. 6502 ikiwa kwenye 1 MHz, yaani midundo milioni moja kwa sekunde, hiyo ni mikrosekunde 10.

Prosesa ya 3 GHz hudunda kila theluthi ya nanosekunde, lakini kusoma kitu kutoka RAM huchukua makumi ya nanosekunde. Bila ujanja, ingekaa bure sehemu kubwa ya maisha yake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya chipu ya kisasa ni kache, kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo jirani na rejista, kama muuza duka anavyoweka karibu na mkono bidhaa zinazoulizwa kila saa. Anayekuuzia laptopu kwa kukutajia GHz peke yake hajakwambia kitu.

Hatua ya 5: Fungua ile 69

Tano kwa biti ni 101, tatu ni 011. Anza kulia: 1 na 1, andika 0, beba 1. Katikati: 0 na 1 na ile ya kubeba, andika 0, beba 1. Kushoto: 1 na 0 na ya kubeba, andika 0, beba 1. Umepata 1000, ambayo ni 8.

Kila safu inahitaji geti chache tu, yaani saketi ndogo za transista. Geti ya XOR hutoa 1 pale biti mbili zinapotofautiana, na hiyo ndiyo tarakimu unayoandika. Geti ya AND hutoa 1 zote mbili zikiwa 1, na hiyo ndiyo ya kubeba. Safu inayopokea ya kubeba hurudia geti hizo mara ya pili. Panga safu nane, umeweza kujumlisha baiti nzima.

Amri ya 69 huingiza pia bendera C katika hesabu, kila mara, na 6502 haina amri ya kujumlisha isiyofanya hivyo. Programu iliyotangulia ikiwa imeiacha C imewaka, 5 na 3 zitakupa 9. Kazi ya 18 ilikuwa kuzuia hilo. Jaribu sasa C8 na 64, yaani 200 na 100: A itabaki na 2C, yaani 44, na C itawaka, kwa sababu 300 haienei kwenye baiti moja.

Hatua ya 6: Ifanye PC irudi nyuma

Futa visanduku, andika kuanzia 0600: A2 00 E8 E0 05 D0 FB 00.

A2 hutia baiti inayofuata kwenye X. E8 huongeza X kwa 1. E0 hulinganisha X na baiti inayofuata: huitoa baiti hiyo kwenye X, jibu halihifadhiwi popote, lakini Z huwaka likiwa sifuri. D0 huangalia Z. Ikiwa imezimwa, PC inaongezewa baiti inayofuata, FB.

FB ni 251. Lakini amri ya kuruka huisoma baiti hiyo kama namba yenye alama ya chanya au hasi, na 251 kutoa 256 ni hasi 5. Ukishasoma FB, PC iko 0607. Rudi hatua tano, uko 0602, kwenye E8. Endesha mpaka X ifike 5. Usiruke mizunguko ya katikati, mkono unahitaji kuzoea.

Hatua ya 7: Iharibu kwa makusudi

Fungua Easy 6502 ya Nick Morgan kwenye kivinjari, ni bure. Andika dcb kisha baiti zako, kila moja ikitanguliwa na alama ya dola na kutenganishwa kwa mkato: $A2,$00,$E8 na kuendelea. Bonyeza Assemble, washa Debugger, tembea kwa Step.

Badili FB iwe FC. PC itarudi 0603, itaruka ile E8, na X itabaki 1 milele. F9 nakuachia ufuatilie kwa kalamu kwanza.

Kisha weka FA. PC inarudi 0601, ambako kuna 00. Sisi tuliiweka pale kama data, thamani ya kuanzia ya X. Prosesa inaisoma kama amri ya kukatiza, na programu inafia hapo X ikiwa 1. Kwenye kumbukumbu hakuna alama inayotenga amri na data. Baiti inakuwa amri pale PC inapoifikia ikitafuta amri, basi. Wadukuzi walitumia mwanya huo huo kwa miaka mingi: unapenyeza baiti zako kama data, kisha unaipotosha PC izifuate. Prosesa za leo zina biti ya kuzuia kurasa fulani za kumbukumbu zisitekelezwe. 6502 haina kitu hicho, na FA itakuonyesha kwa mibonyezo michache ya Step.