Ukili, wageni na watoto wa likizo: somo la msimu wa kusi

Wenzangu wa ukili, assalamu alaykum.

Upepo wa kusi ukishakolea, mwezi wa sita, mambo mawili hutufika kwa pamoja. Huko Ulaya shule zinafunga, na wageni wanaanza kumiminika pwani zetu za Unguja, Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, mpaka mwezi wa tisa, Waitaliano wakizidi mwezi wa nane ambao kwao ndio mwezi wa mapumziko. Hapa kwetu nako watoto wako likizo ya katikati ya mwaka. Maduka yanataka mikoba ya ukili (utepe mrefu wa majani yaliyosukwa, unaoshonwa kuwa mkoba), nyumbani wanamtaka mama, na mikono ni ile ile miwili.

Ninalolishikilia mimi ni hili: anayeanza kusuka wageni wakiwa wameshafika amechelewa, na deni la kuchelewa hulipwa na watoto. Kazi ya msimu huu ifanywe kabla ya msimu.

Hatua ya 1: Gawa kazi kwa miezi

Mwezi wa kwanza na wa pili, jua la kaskazi likiwa kali, ndio wakati wa kukata ukindu (majani ya mkindu), kuukausha na kuutia rangi. Ukianikwa wakati huo hukauka hadi ndani, hukaa miezi na hauoti ukungu.

Masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, suka. Mvua inanyesha, hoteli nyingi za pwani zinafunga Aprili na Mei, hakuna anayekugongea mlango. Unyevu wa masika unaulainisha ukindu, chane (vipande vyembamba vya ukindu uliochanwa) hazikatiki mkononi. Wengi huiona miezi hii kuwa ya njaa na wakaacha kusuka kwa sababu hakuna mnunuzi. Mimi nasema ndiyo miezi yetu mikubwa. Suka ukili, uukunje mizinga, yaani mafungu, uutundike juu penye hewa, mbali na sakafu.

Mwezi wa sita shona. Kuanzia wa saba, uza na malizia. Ukifika hapo una mizinga ya ukili ndani, mteja akitaka mkoba huanzi kwenye chane, unaanzia kwenye shazia (sindano kubwa ya kushonea ukili) na uzi.

Hatua ya 2: Jua kiasi chako kabla hujaahidi mtu

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoumia.

Chukua mkoba wa kati: mzunguko kama sentimita 90, kimo sentimita 30, ukili wa upana wa vidole viwili. Mkoba huo unakula kama pima sita na nusu, kitako kikiwemo. (Pima moja ni dhiraa nne, unyooshe mikono yote miwili.) Kwa hiyo mikoba 20 ni pima 130. Sasa jipime mwenyewe: siku tatu za kawaida kabisa, za kupika, kufua na kuchota maji, suka kama unavyosuka siku zote, halafu pima ulichopata jioni. Usipime siku uliyokaa peke yako barazani tangu asubuhi, siku hiyo haiwi tena. Gawa pima 130 kwa wastani wa siku zako tatu, utajua mikoba 20 inakula siku ngapi, na hapo utajua masika yako yatakupa mikoba mingapi. Hiyo ndiyo mikoba yako ya mwaka huu. Iandike kwenye daftari, na mtu wa duka akija, daftari ndilo linalojibu.

Hatua ya 3: Tenga kazi ya kuachika na isiyoachika

Kusuka ukili kunaachika. Mtoto akilia unauweka chini, unambeba, unarudi na kuendelea palepale. Unaweza kusuka huku unasikiliza mtoto anasoma juzuu yake, huku unasubiri zamu kliniki, huku mnazungumza na mama mkwe.

Kutia rangi hakuachiki. Sufuria ya maji yanayotokota yenye rangi ya unga, na mtoto anayetambaa, havikai ua mmoja. Fanya kazi hiyo asubuhi watoto wakiwa shule au madrasa, umalize, umwage, uoshe sufuria na uifungie, na sufuria hiyo isirudi jikoni kupikia. Wakiwa likizo, usitie rangi kabisa kama hakuna mtu mzima wa pili nyumbani. Kushona nako kuna hatari yake: shazia ni ndefu, ina ncha, na ikipotea kwenye mkeka usiku ni balaa. Ziwekeni kwenye kopo lenye mfuniko, mzihesabu kila mnapoinuka.

Kusi linakausha. Miezi hii chane hukatika ovyo, basi zifunge kwenye kitambaa kibichi unapofanya kazi.

Hatua ya 4: Fuata maji

Hili ni la wale wa mashariki, Bwejuu, Paje, Jambiani, wanaolima na mwani. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hukupwa sana asubuhi, na nyote mko kwenye kamba zenu kuanzia saa tatu hivi mpaka mchana. Ukirudi umechoka, mwani unataka kuanikwa, watoto wana njaa. Usijipangie ukili siku hizo hata pima moja. Kazi za ukili zisogeze kwenye maji mafu, ambapo bahari haikuiti. Weka alama za bamvua kwenye kalenda ya ukutani na mteja mpe tarehe ya maji mafu tu.

Hatua ya 5: Bei na mahali pa kuuzia

Tuseme ukindu, rangi, uzi na mikono ya ngozi vimekula shilingi 9,000, na mkoba umekuchukua siku tatu ambazo unazithamini shilingi 8,000 kila moja. Mkoba huo ni 33,000 kabla hujapata faida yoyote. Duka likitaka kukupa 25,000, linachukua siku yako moja bure, na siku hiyo ilikuwa ya nyumbani kwako.

Kuuza wenyewe kuna bei nzuri zaidi lakini kunakula muda. Dawa yake ni zamu. Mkiwa watano, kila mmoja anakaa mezani siku moja ya wiki akiwa na bidhaa za wote, kila kitu kikiwa na kijikaratasi chenye alama ya mwenyewe na bei. Siku nne za zamu za wenzako uko kwako. Wageni wa ndege hupenda kinachokunjika au kupangika: mikoba mipana laini, misala, kawa (vifuniko vya chakula) za kutundika ukutani. Tenga kubwa la nguo watalisifia na kuliacha.

Watoto wasitumwe ufukweni kuuza. Najua mtoto mdogo huuza haraka kwa sababu mgeni humwonea huruma. Hiyo huruma ndiyo inayoleta hatari, mtoto anazoea kufuata watu asiowajua hadi kwenye geti la hoteli. Kwa hili silegezi hata kidogo.

Hatua ya 6: Siku zisizoguswa

Ziandike kabla ya zote, kwa kalamu ya wino: Ijumaa mchana, sikukuu, na kwa watu wa Makunduchi zile siku nne za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, mwezi wa saba. Najua Mwaka Kogwa wageni ni wengi na biashara ingekuwepo. Lakini watoto wataukumbuka mwaka kwa chakula kilicholiwa pamoja na ndugu waliotoka mbali, na mama akiwa mezani anauza, chakula hicho hupikwa na mwingine.

Ongeza siku yao wenyewe watoto katika likizo, wachague wao. Wangu hutaka kwenda kwa bibi yao, kuoga pwani na kula muhogo wa nazi. Gharama yake ni nauli ya daladala.

MASWALI YA WANACHAMA

*Somo yangu, duka la hoteli limeniletea oda ya mikoba 30 kwa siku kumi. Hela ni nzuri. Nikikataa wataenda kwa mwingine. (Kiwengwa)*

Angalia mizinga yako, shoga. Kama una pima zaidi ya mia na tisini zimesukwa, kazi iliyobaki ni kushona, na mkishona watatu inawezekana. Kama huna, waambie: kumi baada ya siku kumi, ishirini baada ya wiki nne, na nusu ya fedha mkononi leo. Wengi hukubali kwa sababu na wao hawana pengine pa kupata 30 kwa siku kumi. Wakienda kwa mwingine, wacha waende.

*Binti yangu wa miaka kumi na mbili anasuka vizuri kuliko mimi. Likizo hii nimtumie? Baba yake anasema namgeuza kibarua.*

Kujifunza ukili kwa mama ndivyo sote tulivyojifunza, si kibarua. Kinakuwa kibarua akisuka asubuhi hadi magharibi huku wenziwe wanacheza. Mpe saa mbili za asubuhi, baada ya hapo aachiwe. Ukili wake upimwe peke yake na pima zake alipwe yeye, ziwekwe kwa ajili ya sare na madaftari ya Januari. Na kaka yake naye achane ukindu. Kuchana si kazi ya kike wala ya kiume.

*Ukili niliousuka masika umeota madoa meusi. Nauokoa vipi? (Pemba)*

Uanike jua kali siku mbili, uusugue kwa brashi kavu, usiuloweke. Madoa yaliyoingia ndani hayatoki. Ukili huo ushonee kitako na ndani ya mkoba wa nyumbani, usimuuzie mtu. Mwakani ukindu wako ukauke zaidi mwezi wa pili kabla hujauchana, na mizinga itundikwe karibu na jiko, juu, moshi uipitie kidogo.

*Mimi nashona kofia za mkono, niko Muscat. Huku kiangazi ni moto, watoto wamefunga shule wako ndani siku nzima, na mumewe dada yangu ana wateja wa kofia wanaosubiri. Mpango wa masika na kusi kwangu haufai. Nifanyeje?*

Kwako joto ndilo masika yako, dada, ila limekuja na watoto ndani. Kofia ina bahati moja ambayo mkoba hauna: inaingia mfukoni. Gawanya kazi kwa jicho. Viua na vitobo vidogo vishone baada ya alfajiri, mwanga ni mzuri na watoto wamelala. Mchana wakiwa wameamka, fanya ya kushikiza na kukunja tu. Usiku usishone viua kwa taa, macho hayanunuliki dukani. Na shemeji yako umwambie awape wateja tarehe ya baada ya shule kufunguliwa. Kofia ya mkono mtu huisubiri.

*Wageni wakiondoka mwezi wa kumi tunalala njaa. Ndiyo maana tunajiua mwezi wa saba na wa nane. Wewe unasemaje?*

Nasema msitegemee mgeni peke yake. Kwanza wageni wanarudi Disemba hadi Februari, msimu wa pili huo. Halafu kuna Bara. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Bara tarehe 1 Juni 2019 (kwetu Unguja na Pemba marufuku ilianza 2006), kikapu cha sokoni kimerudi mikononi mwa watu Dar es Salaam. Si cha rangi nyingi wala mikono ya ngozi, ni kikapu imara cha kubebea viazi na samaki. Bei yake ni ya chini, lakini mnunuzi yupo mwezi wa tano kama alivyo wa kumi na moja. Tafuteni mtu mmoja mwaminifu mwenye kibanda huko, mtume kwa boti kidogo kidogo, alipe kwa simu kabla mzigo wa pili haujaondoka.

*Mume wangu anasema tangu nianze ukili hanioni.*

Mwonyeshe daftari lenye siku zisizoguswa, mzijaze pamoja, naye achague zake. Na siku yako ya zamu mezani, jiko la mchana ni lake. Mwanzo atapika wali wa ukoko. Uleni tu.