Kabla Ligi Haijaanza: Jinsi ya Kuipata Nafasi Inayovuja Kikosini

Muulize kocha wiki mbili kabla ya ligi ni nafasi ipi dhaifu kikosini mwake, na mara nyingi atakutajia mtu: namba tatu wangu (beki wa kushoto) mzito, mshambuliaji wangu hafungi. Hapo ameshapotea njia. Nafasi dhaifu kuliko zote ni ile ambayo mtu mmoja akikosekana, wengine wawili au watatu wanahama namba zao ili kuiziba. Anayeicheza anaweza hata kuwa ndiye nyota wa timu.

Anza na karatasi ya manila na penseli. Chora nafasi 11 za mfumo utakaoutumia msimu huu, si ule wa mwaka jana. Kila nafasi ipe mistari mitatu: anayeanza, anayemfuata, na wa tatu. Kisha panga majina, kila jina mara moja tu. Hapa ndipo wengi hujidanganya, kwa sababu ya kiraka. Kuna kijana anayeweza kucheza namba mbili, nne na sita (beki wa kulia, beki wa kati na kiungo mkabaji), basi anaandikwa kote kutatu, na karatasi inaonyesha watu 25 wakati mazoezini wanafika 23. Mwandike pale ambapo ungemwanzisha kesho. Uwezo wake mwingine uweke pembeni kwa herufi ndogo.

Ukimaliza, shika kifutio. Futa waliomaliza mikataba, walioko nje kwa majaribio, na wagonjwa. Aliyechanika kano ya goti akafanyiwa upasuaji kwa kawaida huhitaji miezi tisa au zaidi; usimrudishe kwenye karatasi kwa sababu tu umemwona akizunguka uwanja kwa mbio za polepole. Timu za jeshi, polisi na magereza zina jambo la ziada: mchezaji anaweza kuhamishwa kituo au kuitwa kwenye mafunzo katikati ya msimu. Weka alama kwa kila mwenye hatari hiyo.

Sasa dakika. Ligi ya timu 16, nyumbani na ugenini, ni mechi 30, kwa hiyo kila nafasi ina dakika 2,700. Jumlisha dakika ambazo wachezaji mliobaki nao walicheza katika nafasi hiyo msimu uliopita. Zikiwa chini ya 1,350, zaidi ya nusu ya uzoefu wa nafasi hiyo umeondoka na walioondoka. Hesabu dakika za nafasi, si za mtu: winga aliyecheza dakika 2,000 kulia hana hata moja kushoto. Na kama nafasi moja ilipitiwa na watu watano msimu mzima bila majeraha ya maana, jibu halikupatikana tangu mwaka jana.

Kazi kubwa ni mabao mliyofungwa. Tafuta video, na kwa kila bao irudishe sekunde 15 nyuma kabla ya kuandika chochote. Andika mambo matatu: mpira ulipotezwa wapi, ulipita upande gani, na nani alipaswa kuwepo pale ulipopita. Ukianzia kwenye krosi ya mwisho, kila bao litakuwa kosa la beki wa kati na kipa, maana hao ndio wanaoonekana kwenye picha.

Tuseme timu ilifungwa mabao 31. Penalti, kona na faulo ni 9. Yaweke kando, yana dawa yake mazoezini. Yanabaki 22, na 12 kati yake yalipita kushoto. Jukwaani wote wanamlaumu namba tatu. Lakini video ikirudishwa, katika mabao 8 alikutwa peke yake na watu wawili: winga wa mbele yake hakurudi, na namba sita alikuwa amevutwa upande wa pili. Ukimsajili namba tatu mpya, naye atakutwa vilevile. Pengo liko kwa winga, au kwa kiungo mkabaji ambaye hana wa kumsaidia.

Angalia pia mabao hayo yalifungwa wapi. Kwenye nyasi bandia za uwanja wa Lugogo, Kampala, mpira unakimbia, na beki mzito wa kugeuka anaumbuka. Kwenye uwanja wa matope ya Oktoba beki huyohuyo anaonekana simba.

Baada ya hapo utakuwa na nafasi mbili au tatu za kushuku. Zipime kwenye mechi za kirafiki, ila si kwa kubadilisha watu 11 wakati wa mapumziko kama ilivyo desturi. Mchezaji wa akiba akizungukwa na wenzake wa akiba hujifunzi chochote. Mtoe anayeanza peke yake, mwingize anayemfuata kwa dakika 60 kati ya wale wa kikosi cha kwanza, kisha hesabu: wangapi wamesogea kumsaidia? Kipa amelazimika kupiga mipira mirefu mara ngapi kwa sababu pasi fupi upande ule imefungwa? Rudia katika mechi tatu tofauti, maana mpinzani mmoja legelege anaweza kukudanganya.

Kipa husahaulika, kwa sababu ni nadra kubadilishwa. Tarehe 30 Desemba 2025, huko Fez, Morocco, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Uganda ilitumia makipa watatu katika mechi moja dhidi ya Nigeria: Denis Onyango alitoka, Salim Jamal Magoola aliyeingia akapewa kadi nyekundu, ikabidi Nafian Alionzi aingie. Klabu nyingi hazina wa tatu aliyewahi kudaka hata mechi ya kirafiki. Mpe dakika 45 kabla ya ligi.

Nafasi mbili zikilingana kwa udhaifu, tibu kwanza ile iliyo karibu na lango lako. Kosa la winga linatokea mita 60 kutoka golini na kuna watu wa kulirekebisha. Kosa la namba sita linamkuta beki wa kati uso kwa uso na mshambuliaji. Kama pengo liko mstari wa kwanza, tumia pesa ya usajili hapo. Kama liko mstari wa pili, kiraka aliyefundishwa nafasi hiyo moja kwa wiki sita anatosha, mradi usimhamishe tena. Mstari wa tatu ni wa vijana: andika jina na siku atakayoanza mazoezi na wakubwa.

Karatasi usiitupe. Dirisha la usajili likifungwa, ichore upya na waliosajiliwa kweli, si wale mliokuwa mkizungumza nao.