Kumzoesha mbwa mbio za viunzi, ukiwa Mwanza

Katika mbio za viunzi mbwa huruka viunzi, hupenya kati ya vijiti na kupanda mbao kwa mpangilio uliowekwa, wewe ukimwongoza. Mbwa hutazama kule chakula kinakotokea. Ukimlisha kila mara kutoka mkononi, atakimbia huku uso ameugeuzia mkono wako, ataangusha viunzi na kupitwa na mlango wa vijiti. Kwa hiyo anza na soksi nene: tia dagaa wakavu kiganja kimoja, funga fundo, uirushe mbele yake kama zawadi. Dagaa mmoja mmoja wakirushwa hupotea majanini, mbwa akabaki ananusa ardhi. Soksi ataiona inapotua, ataikimbilia, kisha atakusubiri uifungue. Nunua dagaa waliokaushwa kwenye chanja. Walioanikwa chini huja na mchanga. Wenye chumvi usiwachukue kabisa.

Fanya mazoezi kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, umalize kabla ya saa 2, au subiri hadi baada ya saa 11 jioni. Weka mgongo wa kiganja ardhini kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Pita uwanja mzima kwa miguu kwanza, maana hapa Mwanza jiwe hujificha chini ya nyasi, na mbwa akitua juu yake anateguka. Maji ya kunywa toka nayo nyumbani, na usimpeleke kujipoza ziwani: kuna mamba, na wewe utapata kichocho.

Kiunzi kitengeneze kwa bomba la plastiki la inchi moja, mlingoti wa kurukwa, ule unaolala, uwe na urefu wa sm 120 toka upande hadi upande. Bomba la nusu inchi hupeperushwa na upepo wa ziwani. Mlingoti uegeshe tu, usiufunge, ili ukiguswa uanguke badala ya kumvunja mguu. Kwa kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, mbwa mwenye kimo cha sm 48 au zaidi, kikipimwa begani, huruka sm 55 hadi 60. Aliye chini ya sm 35 huruka sm 25 hadi 30. Kabla hajatimiza mwaka, mlingoti ukae chini kabisa, kwa sababu ncha za mifupa yake bado ni laini. Mwenye umbo kubwa msubiri zaidi.

Vijiti vya kupenya, ambavyo mbwa hupita katikati yake kwa kujipinda huku na huku, ndivyo vinavyokula muda. Ni 12, vimeachana sm 60, na mbwa lazima aingie kijiti cha kwanza kikiwa kushotoni kwake. Pigilia vipande vya nondo ardhini, uvivike mabomba ya urefu wa mita moja. Vipange safu mbili za vijiti sita sita, katikati pawe na uchochoro wa sm 60. Mbwa akiwa katikati ya vijiti viwili vya mwisho, rusha soksi mbele, moja kwa moja. Ukirusha mapema atachomoka kwenye kijiti cha kumi. Ukirusha ubavuni, kesho yake atachomokea huko huko. Kila baada ya siku chache sogeza safu sm 5 zikaribiane, hadi ziwe mstari mmoja. Akikosea mara mbili mfululizo, rudisha sm 10. Mizunguko sita kwa siku inatosha, mgongo wake unapinda sana.

Kwenye ubao wa kupanda na kushuka, ile sehemu ya chini yenye rangi nyingine lazima aikanyage. Mfundishe asimame miguu ya nyuma ubaoni, ya mbele chini. Kwa bembea, yaani ubao unaoinama mbwa akivuka katikati, mlio wa ubao ukigonga ndio unaomtia hofu. Weka tairi kuukuu chini ya ncha zote mbili, liondoe akishazoea.

Mchezo huu ulioneshwa kwanza kwenye Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa, huko London, mwaka 1978, ukiiga mashindano ya farasi, na alama bado ni za kuhesabu makosa. Kuangusha mlingoti, kuruka sehemu ya rangi au kukataa kiunzi ni makosa 5 kila moja. Kukataa mara tatu, au kukosea mpangilio, unatolewa. Siku ya mashindano tembea njia bila mbwa, kisha chuchumaa kwenye kila kona uone anachokiona yeye. Geuza bega na utoe amri kabla hajaruka. Akishakuwa hewani ameshaamua pa kwenda.

Chakula hakiruhusiwi uwanjani. Wiki za mwisho, soksi iache nje ya lango la kutokea, azoee kumaliza kiunzi cha mwisho kwa kasi na kuikimbilia huko.