Kupima kani ya Casimir: malizana kwanza na umeme

Mwaka 1948 Hendrik Casimir alikokotoa kwamba metali mbili zisizo na chaji, zikikaribiana mno ndani ya ombwe, zitavutana. Ukitaka kuipima kani hiyo, achana na sahani mbili bapa. Mwanafizikia Sparnaay alizitumia mwaka 1958, akaishia na kosa la kipimo karibu sawa na kani yenyewe. Kuzipanga sambamba ni balaa. Mimi hutumia tufe na bapa, kama wanafizikia Mohideen na Roy mwaka 1998, maana tufe hata likiinama ni lile lile.

Gundisha tufe la polistirini la kipenyo cha mikromita 200 kwenye ncha ya wenzo wa hadubini ya kani za atomu, kifaa kinachopima kani ndogo mno kwa jinsi wenzo wake unavyopinda. Paka tufe na bapa dhahabu. Alumini hufunikwa na oksidi. Funga, fyonza hewa.

Sasa ndipo penye kazi, na ndipo vijana wa maabara huniona msumbufu. Nyuso mbili za dhahabu, hata ukiziunga kwa waya, hubaki na tofauti ndogo ya volti kwa ajili ya uchafu na mpangilio wa fuwele. Kwa tufe hili, katika umbali wa nanomita 100, nadharia ya metali kamilifu, yaani inayoakisi mawimbi yote, inatoa kani ya Casimir ya pikonyutoni 270 hivi. Tofauti ya volti 0.1 tu inatoa kani ya umeme ya 280. Utazitofautishaje?

Shikilia umbali mmoja, badilisha volti kutoka hasi hadi chanya, chora kani. Utapata parabola, na kitako chake hakitakaa kwenye volti sifuri. Volti ya kitako hicho ndiyo utakayoiweka wakati wa kupima. Upana wa parabola nao unakuambia umbali halisi, jambo ambalo kipimo cha mota inayosogeza nyuso hakikuambii. Rudia kwa umbali mwingine. Kitako kikihamahama, nyuso zina mabaka ya chaji: toa sampuli, tengeneza nyingine. Usijidanganye eti utairekebisha kwenye kompyuta.

Kikitulia, pima. Umbali ukiongezeka maradufu, kani ya umeme hupungua nusu tu, ilhali ya Casimir hushuka karibu mara nane. Namba zako zitakuwa chini ya zile 270, na ni sawa: dhahabu haiakisi mawimbi yote ya sumakuumeme, kwa hiyo linganisha na hesabu iliyotumia vipimo vya mwakisiko wa dhahabu yenyewe.