Pau Ubavu kwa Ubavu: Kutengeneza Chati ya Makundi Kwenye Ripoti za Wateja

Ukikuta kitufe cha kuongeza chati kimefifia, usidhani programu imeharibika. Ripoti yako bado ni orodha ya kawaida isiyo na makundi. Programu za kusimamia uhusiano na wateja kama Salesforce hazichori chati mpaka ripoti iwe na angalau kundi moja, yaani rekodi zikusanywe kwa sifa fulani kama mwezi, na chati ya pau za makundi, ambamo pau hukaa ubavu kwa ubavu, inadai mawili.

Hatua ya 1. Andika swali lako kwanza, hata kwenye karatasi. Mfano: katika kila robo mwaka, chanzo kipi kilileta mauzo zaidi kati ya tovuti, simu na wateja walioelekezwa na wenzao? Makundi yako yamo humo: robo mwaka na chanzo.

Hatua ya 2. Fungua ripoti mpya ya fursa za mauzo (rekodi za mauzo yanayofuatiliwa na yaliyokwisha), ukague vichujio, yaani masharti ya rekodi zipi zionekane. Hapa wengi hunaswa, kwa sababu ripoti mpya inaweza kuja imechujwa ionyeshe rekodi zako tu, au za kipindi hiki tu. Niliwahi kukaa kikaoni nikitetea pau fupi, kumbe ni mauzo yangu peke yangu. Chagua rekodi zote, bakiza mauzo yaliyofanikiwa, na uchuje kwa tarehe ya kufunga mauzo, si ya kuingiza rekodi.

Hatua ya 3. Kundi la kwanza liwe tarehe ya kufunga, ukiiagiza programu ikusanye kwa robo mwaka. La sivyo kila siku itapata kundi lake. Tumia sehemu ya tarehe halisi. Majina ya miezi yaliyoandikwa kama maneno hupangwa kialfabeti, Agosti ikaitangulia Januari.

Hatua ya 4. Kundi la pili liwe chanzo. Mpangilio huu si wa kubahatisha: kundi la kwanza hukaa kwenye mhimili, la pili hugeuka rangi, na jicho hulinganisha pau zilizokaa jirani. Hapa vyanzo vinashindana ndani ya robo moja. Ukiyabadilisha nafasi, data ni ileile lakini swali linalojibiwa ni jingine: je, tovuti inapanda au inashuka robo hadi robo? Mkuu wako akiuliza hili la pili nawe ukampa chati ya kwanza, atalazimika kurukaruka kwa macho akitafuta rangi moja.

Hatua ya 5. Sasa ongeza chati. Chagua pau zinazokaa sambamba, si zinazobebana. Zikibebana, kipande cha chini tu ndicho huanzia sifuri, vingine ni vya kukisia. Majina yakiwa marefu, lalisha pau. Kisha hakikisha kinachopimwa ni jumla ya kiasi, maana ukihesabu idadi ya rekodi, mauzo madogo 10 hushinda uuzaji mkubwa 1.

Hatua ya 6. Hesabu pau. Robo 4 kwa vyanzo 3 ni pau 12, zinasomeka. Miezi 12 kwa wauzaji 8 ni 96, huo ni msitu; punguza. Ukiona upau usio na jina, ni rekodi ambazo chanzo hakikujazwa. Usiufiche, rudi ukazijaze.

Hifadhi ripoti ndipo uipeleke kwenye dashibodi, ukurasa unaoonyesha chati kadhaa pamoja. Huko amua data isomwe kwa ruhusa za nani: ikifuata ruhusa za kila mtazamaji, watu wawili watafungua chati moja na kuona pau za urefu tofauti.