Somo: Namna ya Kupanga Picha za Mahafali, kwa Mfano wa Mlimani

Ndugu wahitimu na wazazi, wanachama wa kundi letu, vyuo vingi vya Tanzania hufanya mahafali kati ya Oktoba na Desemba. Katika wiki hizo, njia za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi wetu tunakiita Mlimani, hujaa majoho, mataji ya maua na wapiga picha wanaotafuta wateja. Mimi ni mmoja wa wapiga picha hao. Nimeandika somo hili kwa sababu kila msimu ninakutana na wahitimu wenye picha mia tatu kwenye simu, ambao hawana hata moja inayofaa kutundikwa ukutani sebuleni kwa wazazi wao. Picha hiyo ya sebuleni ndiyo ninayotaka uipange kwanza.

Hatua ya kwanza: tenganisha siku ya picha na siku ya sherehe. Siku ya mahafali wahitimu huitwa mapema ukumbini, sherehe huchukua saa kadhaa, na mkitoka nje jua limeshakuwa kali, wageni wana njaa, na kila mtu anakuita upande wake. Vyuo vingi hutoa majoho siku chache kabla ya mahafali na kuruhusu siku chache za kuyarudisha, hivyo tumia mojawapo ya siku hizo, lakini soma vizuri stakabadhi uliyopewa ili usije ukatozwa faini ya kuchelewesha joho. Ikiwa wazazi wanatoka mbali na watakuwepo siku moja tu, piga picha za familia asubuhi ya siku hiyo kabla ya kuingia ukumbini, hata kama mna dakika 20 peke yake, na picha zako binafsi na za marafiki uziache kwa siku nyingine.

Hatua ya pili: andika orodha ya picha, ukianza na wazee. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipowahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha za binti mmoja ambaye bibi yake alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka mkoa wa kusini. Nilianza na marafiki, maana walikuwa wamechangamka na mandhari yalikuwa mazuri, nikamwambia bibi apumzike kivulini kwanza. Tulipomaliza, watu waliokuja naye walikuwa wameshamchukua kuelekea kituo cha mabasi. Picha pekee aliyobaki nayo yule binti pamoja na bibi yake ilipigwa kwa simu mlangoni mwa ukumbi saa saba mchana; bibi amekunja uso kwa sababu ya jua, na kanga aliyoivaa kwa ajili ya siku hiyo imekatwa nusu. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo siinui kamera kabla ya kupewa orodha.

Orodha yenyewe iwe fupi: mhitimu na babu na bibi, mhitimu na wazazi wote wawili, mhitimu na kila mzazi peke yake, mhitimu na ndugu zake, ukoo wote kwa pamoja, kisha mhitimu peke yake, na marafiki mwishoni. Mchague ndugu mmoja anayewafahamu watu wote, awe ndiye anayeita majina. Mpiga picha hawezi kujua kwamba yule aliyesimama pembeni kimya ndiye mjomba aliyelipa ada ya mwaka wa kwanza.

Hatua ya tatu: chagua saa kabla ya kuchagua mahali. Dar es Salaam iko takribani nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana huwa juu sana mwaka mzima. Mwanga unaotoka juu namna hiyo hutia kivuli cheusi machoni, puani na kidevuni, na kofia ya mahafali yenye ubao bapa huongeza kivuli kingine juu ya uso. Kofia hiyo ndiyo sababu kubwa ya picha nyingi za mahafali kuonyesha joho vizuri huku uso wa mwenye joho ukiwa giza. Saa nzuri ni kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi, au kuanzia saa 10:30 hadi saa 12:00 jioni. Usitegemee muda wa ziada jioni, kwa sababu kwetu huku jua likishazama giza huingia haraka.

Ikiwa hakuna namna na ni lazima mpige picha mchana, ingieni kwenye kivuli kipana kinachotazama eneo la wazi, kama vile ukumbi wa nje wa jengo au chini ya mwembe mkubwa wenye majani mazito. Epukeni mti wenye majani machache, kwa maana mwanga hupenya kwa madoa madoa na kuonekana kama mabaka usoni. Ndugu mmoja akishika ubao mweupe, au hata kanga nyeupe iliyokunjuliwa chini ya kifua cha mhitimu nje ya picha, mwanga utarudi juu na kufuta kile kivuli cha kofia.

Hatua ya nne: mahali. Mlimani pana mahali pengi penye historia. Chuo kilihamia kilimani hapo mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Ukumbi wa Nkrumah unajulikana hata na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Dar es Salaam, kwa sababu ulichorwa nyuma ya noti ya zamani ya shilingi 500, na wazee wengi hufurahi wakioneshwa kwamba wamesimama mbele ya jengo la kwenye noti. Maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 ina nafasi kubwa mbele yake, nayo inafaa kwa picha ya ukoo mzima. Hata hivyo ningekusihi utenge picha mbili tatu kwa ajili ya mahali ulipokuwa kila siku: benchi mlilosomea kabla ya mitihani, mlango wa maabara, au kibanda cha mama aliyekuuzia chai na chapati kwa miaka mitatu, na yeye mwenyewe umwombe asimame nawe. Nenda siku moja kabla, saa ileile utakayopiga picha, uone jua linaangukia wapi. Uliza pia mapema kama mpiga picha kutoka nje ya chuo anahitaji ruhusa, ili msije mkabishana na walinzi mkiwa mmeshavaa.

Hatua ya tano: joho, kofia na nguo. Majoho mengi hushonwa kwa kitambaa kisichostahimili moto, na pasi kali huacha alama inayong'aa isiyotoka. Tandika kitambaa chepesi cha pamba juu ya joho, tumia moto mdogo, kisha litundike usiku kucha. Ubao wa kofia ukae bapa sambamba na ardhi, upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Ukiusukuma nyuma ya kichwa, kamera itaona sehemu ya ndani ya kofia. Viatu uvijaribu siku moja kabla.

Hatua ya sita: patana na mpiga picha kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha, mradi utaje saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya picha zilizohaririwa, idadi ya zitakazosafishwa, yaani kuchapishwa kwenye karatasi, na ukubwa wake, tarehe ya kukabidhi, bei yote, na kianzio kilicholipwa. Taja pia kama unaruhusu picha zako zitumike kwenye matangazo yake. Omba kuona kazi nzima ya familia moja aliyowahi kuipiga, badala ya picha kumi alizozichagua, ndipo utajua anavyowashughulikia wazee na watoto.

Hatua ya saba: kupokea na kuhifadhi. Usikubali kupokea picha kama picha za kawaida za WhatsApp, kwa sababu programu hiyo hupunguza ubora wake. Mwambie azitume kama faili, au akuwekee kwenye flashi. Kwa picha ya ukutani ya ukubwa wa A4, faili liwe na nukta (pikseli) zisizopungua 2,480 kwa 3,508. Kwa picha ndogo ya inchi 4 kwa 6, nukta 1,200 kwa 1,800 zinatosha. Hifadhi nakala mahali pawili, kisha safisha ile ya wazazi wiki hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

*Mhitimu, Dodoma:* Mwalimu, shikamoo. Sina uwezo wa kumlipa mpiga picha. Rafiki yangu ana simu nzuri. Je, inawezekana?

Marahaba. Inawezekana kabisa. Futeni kioo cha kamera kwa kitambaa laini, tumieni kamera ya nyuma, na msivute picha karibu kwa vidole. Rafiki asogee kwa miguu yake. Aguse uso wako kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, kwa sababu joho jeusi huidanganya simu ikadhani pana giza, ikaongeza mwanga mpaka uso na anga vikafifia. Kwa picha ya urefu wote, aishushe simu hadi usawa wa kiuno chako, usije ukaonekana una kichwa kikubwa na miguu mifupi.

*Dada mmoja, Zanzibar:* Ninavaa hijabu na kofia huwa inateleza. Nifanyeje?

Chini ya hijabu vaa kofia ya ndani ya pamba, wala usivae ya hariri. Hijabu yenyewe iwe ya kitambaa kisichoteleza na ifungwe bila mafundo utosini, ili kofia ikae bapa. Kisha bana kofia kwa pini ndogo nne, mbili mbele na mbili nyuma. Ukifika, mwombe dada au rafiki akague pini kabla ya kila picha.

*Mzazi, Tabora:* Mimi na mama wa kijana wetu hatutaweza kufika Dar es Salaam, na joho litakuwa limesharudishwa yeye akija nyumbani. Tumesikia kwamba tunaweza kuunganishwa kwenye picha kwa kompyuta.

Shikamoo mzee. Inawezekana kiufundi, lakini sikushauri, kwa kuwa mwanga wa Tabora na wa Mlimani hautafanana na picha itaonekana imebandikwa. Kijana aulize kama anaweza kuongezewa siku za kukaa na joho, au aazime joho la rangi za chuo chake kwa siku moja. Ikishindikana, akija nyumbani avae suti, mkae naye mbele ya nyumba asubuhi, ninyi mkiwa mmeshika cheti. Picha yenye cheti kinachosomeka isiwekwe mtandaoni, maana namba za cheti zinaweza kutumiwa na waghushi.

*Mhitimu, Mbeya:* Tufanye nini mvua ikinyesha? Tumepanga Novemba.

Kwenye ule ujumbe wa makubaliano wekeni siku ya akiba tangu mwanzo, iwe kabla ya tarehe ya kurudisha joho. Mawingu yasiyo na mvua msiyakimbie, kwa kuwa ndiyo mwanga mpole kuliko wote, na siku hiyo mnaweza kupiga picha hata saa sita. Mvua ikianza kunyesha, simameni ndani ya veranda, hatua mbili kutoka ukingoni, nyuso zikitazama nje.

*Mwanachama, Dar es Salaam:* Je, ndege ndogo yenye kamera inafaa kwa picha ya ukoo mzima?

Inafaa pale tu mwenye ndege anapokuwa na kibali, kwani hapa Tanzania urushaji wake unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na chuo nacho kinaweza kuikataa katika eneo lake. Akikuambia kwamba kibali si lazima, mwache. Mpiga picha akipanda hadi ghorofa ya pili ya jengo, na ninyi mkasimama chini mkiinua nyuso, kila sura itaonekana, hata ya mtoto aliye nyuma kabisa.